Ni Burma iliyomgeuza Jenerali China, au ni kurudi nyumbani?

#1 Mfukuanyaraka
Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa namsimulia binti yangu habari za Waruhiu Itote, yule aliyejulikana kama Jenerali China. Akanikatisha: "Baba, kama alikuwa askari wa Mwingereza, nani alimgeuza?" Nikamjibu palepale: Burma. Usiku nimelala macho nikiona jibu lile lilikuwa jepesi mno.

Kwa wasiomfahamu: kazaliwa Nyeri 1922. Mwaka 1942 akaingia Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), akavushwa bahari hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha Burma (Myanmar ya leo) kupambana na Mjapani upande wa Kalewa. Alikuwa koplo. Miaka kumi baada ya kuapa kumtumikia Mfalme, koplo huyohuyo yuko ndani ya misitu ya Mlima Kenya, ana maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau chini yake, na anapigana na serikali ya Mfalme uleule aliomwapia.

Swali langu ni moja. Kilichomgeuza ni nini hasa? Njooni na hoja, msije na matusi.

#2 Kidumu cha Maji
Naweka kambi hapa.

#3 Nyayo za Kalewa
Mfukuanyaraka, jibu lako la kwanza kwa binti lilikuwa sahihi, usilikimbie. Ni Burma.

Fikiria kijana wa Nyeri. Maisha yake yote Mzungu anamwona kwa mbali: juu ya farasi, ndani ya gari, nyuma ya meza ya DC. Ghafla wako kwenye handaki moja. Anamwona Mzungu anatetemeka kwa malaria, anamwona analia, anamwona anakufa kwa risasi ileile inayomuua Mwafrika. Ile hofu aliyokua nayo ikabaki kwenye matope ya bonde la Kabaw, hukohuko Burma.

Halafu kuna mazungumzo. Mwenyewe kayaeleza katika kumbukumbu zake alizochapisha 1967. Askari mmoja wa Kiingereza alimuuliza anapigania nini. Yule Mwingereza alikuwa anatetea nchi yake, na wewe je? Itote hakuwa na jibu. Alipokwenda likizo Calcutta akakutana na Mmarekani Mweusi aliyemsimulia habari za Haiti, jinsi watumwa walivyoushinda utawala wa Wafaransa. Wahindi nao walikuwa wanazungumzia uhuru waziwazi. Kijana akirudi kutoka huko hawezi kuwa yuleyule.

#4 Mwalimu wa Zamu
Sahihisho dogo kwa #1. Kufikia Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, Mfalme George VI alikuwa keshafariki tangu Februari. Alikuwa Malkia. Kwa hiyo hakupigana na "Mfalme uleule". Na kwa Kiswahili ni "Mfalme yuleyule aliyemwapia", mkuu.

#5 Mfukuanyaraka
Mwalimu umenipata mara mbili kwenye sentensi moja. Nimepokea.

#6 Mwana wa Ulu
Nyayo za Kalewa, hoja yako ni tamu lakini ina tundu kubwa. Kenya peke yake ilitoa askari karibu 98,000 katika vita vile. Waliofika Burma ni maelfu kwa maelfu. Wote walimwona Mzungu akifa. Wote walilala matopeni naye. Mbona wengi walirudi, wakavua magwanda, wakalima mahindi yao kimya kimya?

Mimi ni Mkamba. Ukoo wetu ulitoa wanaume watatu Keya. Babu yangu mkubwa alivuka mto Chindwin, Burma, Desemba 1944 na kikosi cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alirudi na kovu begani na blanketi moja. Mau Mau ilipoanza hakwenda msituni, wala homgadi, wale wenyeji waliomlindia Mwingereza vijiji, hakujiunga. Nilimuuliza nikiwa mdogo. Alinijibu: "Nilikuwa nimechoka kuzika watu." Basi. Burma ileile iliyomfanya Itote jenerali ilimfanya babu asitake kuona bunduki tena.

Sasa niambieni, sababu moja inawezaje kuzaa watu wawili tofauti hivyo?

#7 Nyayo za Kalewa
#6 umenigusa, na pole kwa kovu la mzee. Lakini mbegu moja ikianguka kwenye mwamba na nyingine kwenye udongo, hatusemi mbegu haikuwa na kazi.

#8 Mwana wa Ulu
Basi tuzungumzie udongo, tuiache mbegu.

#9 Wangari wa Mathira
Asante #8, hapo ndipo nilipokuwa nasubiri mfike.

Udongo wenyewe ni huu. Askari Mzungu akitoka vitani anakaribishwa Kenya na mpango wa serikali wa kumpa shamba na mkopo. Tena haikuwa mara ya kwanza, baada ya vita ya 1914–1918 walifanya vilevile. Askari Mwafrika aliyetoka handaki lilelile anarudi rizavu, eneo walilotengewa Waafrika, ambako shamba la baba limeshagawanywa mpaka halitoshi hata kuchimba choo. Anapewa kiinua mgongo kidogo. Wengi walikiweka kwenye biashara: duka, lori, kinu. Wakakuta leseni zimebanwa, soko limeshikwa na wengine, wakafilisika.

Na kwenye Bonde la Ufa maskwota, Waafrika walioishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu, walikuwa wanapunguziwa mifugo na kufukuzwa kwenye mashamba walikozaliwa. Hao ndio waliorudi rizavu na hasira.

Itote mwenyewe aliishia reli, kuchochea moto kwenye injini za treni. Mtu aliyeongoza wenzake kwenye mapigano anatupia kuni na makaa chini ya macho ya dereva anayemwita "boi". Mimi sihitaji Haiti kuelewa kwa nini mtu huyo aligeuka. Alipogeukia ni Nairobi, wala si Calcutta.

#10 Bandarini Kivuko
Wangari, hilo la kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, umelisahau. Mtu katoka kumpiga Mjapani, anarudi kuvaa kikopo cha bati shingoni kama ng'ombe.

#11 Mwalimu wa Zamu
#10 nusu sahihi. Kipande kilikuwapo tangu baada ya vita ya kwanza na kiliudhi watu kuliko kodi. Lakini 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Kwa hiyo mwaka ule Mau Mau inalipuka, kipande cha zamani kilikuwa kimeshaondolewa. Uchungu wake ndio uliobaki, hilo sibishi.

#12 Bandarini Kivuko
Uchungu hauondolewi kwa sheria, Mwalimu. Ila nimekuelewa.

#13 Dogo wa Tandale
Samahani wakubwa, mimi nilifikiri huyu Jenerali China ndiye aliyenyongwa gereza la Kamiti na sanamu yake iko katikati ya Nairobi?

#14 Kidumu cha Maji
Dogo, soma kabla ya kupanda jukwaani. Huyo ni Dedan Kimathi, kiongozi mwingine wa Mau Mau. Alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa 18 Februari 1957, na sanamu yake ilizinduliwa tarehe na mwezi huohuo mwaka 2007. China hakunyongwa. Alikufa 1993, mzee, kitandani.

#15 Wangari wa Mathira
Mwacheni Dogo, kauliza vizuri. Ila ukweli ni kwamba China alikaribia kitanzi kweli. Alikamatwa 15 Januari 1954, upande wetu wa Karatina, baada ya kupigwa risasi shingoni. Akafikishwa mahakamani Nyeri, akahukumiwa kifo Februari. Kesi yenyewe haikuwa ya mauaji. Ilikuwa ya kupatikana na risasi na kushirikiana na watu wenye silaha, maana chini ya sheria za Hali ya Hatari hayo peke yake yalitosha kukunyongesha. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka ile.

Nyumbani kwetu nyanya alikuwa anasimulia habari zilivyofika sokoni kwamba China kashikwa. Anasema kina mama walifunga vikapu wakaondoka bila kuuza. Hakuna aliyesema neno.

#16 Mzalendo Asiyelala
Na hapo ndipo uzi huu unapoanza kuwa na unafiki. Mnauliza "nani alimgeuza dhidi ya Mwingereza", mbona hamuulizi nani alimgeuza mara ya pili? Ian Henderson, afisa wa polisi wa kikoloni, alimhoji saa 68. Baada ya hapo hukumu ya kifo ikabadilishwa, na China akaanza kuandika barua kwa wenzake msituni waje wazungumze, wasalimu amri. Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina lake.

#17 Wangari wa Mathira
Mzalendo, sema jina lenyewe, usizungukezunguke.

#18 Mzalendo Asiyelala
Msaliti.

#19 Nyayo za Kalewa
Hapana. Hapana kabisa.

Mtu ana tundu la risasi shingoni, kitanzi kinamsubiri, na msituni vijana wanakufa kwa njaa na mabomu. Akaona mazungumzo yanaweza kuokoa watu. Huo ni uamuzi wa kamanda. Hata Wazungu wengi hawakuupenda, masetla (walowezi) walipiga kelele wakitaka anyongwe. Kama alikuwa mtu wao, mbona masetla walitaka damu yake?

Na nani aliyevunja mazungumzo yale? Aprili 1954 wapiganaji walikuwa wamejikusanya wakijadili kutoka, kikosi cha Keya kikawashambulia. Imani ikafa siku hiyo. Wiki chache baadaye, 24 Aprili, ikaja Operesheni Anvil, Nairobi nzima ikazungushiwa askari na maelfu ya watu wakapelekwa kambini.

#20 Mzalendo Asiyelala
Nasoma. Sijashawishika, lakini nasoma. Kimathi alipelekewa barua pia na hakutoka.

#21 Mwalimu wa Zamu
Kimathi alikuwa Aberdare, China alikuwa Mlima Kenya. Misitu miwili, amri mbili, hali mbili. Tusiwapime kwa kibaba kimoja.

Na kwa kuwa tunazungumzia waliopitia jeshini: Kimathi naye aliingia jeshi la Mwingereza mwanzoni mwa vita, akatolewa baada ya muda mfupi sana kwa utovu wa nidhamu. Burma hakuiona. Hata hivyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Nyayo za Kalewa, hilo utaliweka wapi?

#22 Nyayo za Kalewa
Nitaliweka pembeni kwanza nikanywe chai.

#23 Mwana wa Ulu
Tumemkimbiza mtu mpaka jikoni! Mwalimu, leo una pointi.

#24 Babu wa Sita
Nimeusoma uzi tangu mwanzo nikasita kuandika. Mimi ni wa Tabora. Babu yangu alikuwa Keya, kikosi cha sita, cha Tanganyika. Nyinyi mnazungumza habari za China kama mtu wenu. Babu yangu alipelekwa Kenya miaka ile ya hamsini kumsaka yeye na wenziwe.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Jambo moja alilirudia mara nyingi, kwamba wale watu wa msituni walikuwa wanapanga ulinzi wao kama Keya. Zamu za usiku, njia za kutorokea, mlinzi wa mbele na wa nyuma. Walipovamia kambi moja iliyoachwa wakakuta sehemu ya jikoni, sehemu ya wagonjwa, sehemu ya ghala, kila kitu mahali pake. Sajini wao akasimama akaangalia, akasema: "Huyu tulifundishwa naye."

Sina la kuongeza juu ya nani alimgeuza. Nilitaka mjue kwamba upande wa pili nako kulikuwa na mtu mweusi, anazungumza Kiswahili, na alilibeba jambo hili mpaka kaburini.

#25 Wangari wa Mathira
Babu wa Sita, asante kwa kuandika. Kwa kweli. Nyanya yangu aliwaogopa sana askari waliozungumza Kiswahili kisichokuwa cha huku. Pengine alikuwa mmoja wa wale. Mungu awarehemu wote wawili.

#26 Babu wa Sita
Amina.

#27 Mfukuanyaraka
Nimerudi. #24 imenifanya nilitazame swali langu upya. Inawezekana hakugeuka hata kidogo? Namaanisha hivi: vyeo vya majenerali, kanuni za nidhamu alizowatungia wapiganaji wa Mlima Kenya, hesabu ya watu na silaha, yote hayo ni Keya. Alitoka jeshini lakini jeshi halikutoka ndani yake. Alibadilisha bendera tu. Hata lile la kukaa mezani na Henderson ni tabia ya askari aliyefundishwa kwamba vita huisha kwa makubaliano.

#28 Mzalendo Asiyelala
Mfukuanyaraka hiyo nzuri, lakini inamnyima siasa zake. Unamfanya mashine ya Mwingereza iliyogeuzwa upande. Mtu alikula kiapo cha Mau Mau, alikuwa na chama, alikuwa na rika.

#29 Mwalimu wa Zamu
Na rika ndilo jambo ambalo halijaguswa. Baada ya vita palikuwa na kundi Nairobi likiitwa Anake a Forty, vijana waliotahiriwa karibu mwaka 1940. Wengi wao walitoka jeshini, hawana kazi, wana hasira na ujuzi wa silaha. Itote alikuwa kati yao. Hao ndio waliosukuma siasa za KAU (chama cha Kenya African Union) ziwe kali, na humo ndimo viapo vilipoenea mjini. Kina Fred Kubai na Bildad Kaggia walikuwa kwenye vyama vya wafanyakazi, wakiwasukuma wazee kutoka upande mwingine. Kaggia naye katoka jeshi la Mwingereza, alifika Mashariki ya Kati na Uingereza kwenyewe.

Kwa maoni yangu mtu hageuki peke yake. Anageuka na rika lake. Burma ilimpa maswali, reli ikampa njaa, lakini bila Nairobi ya 1947 angebaki mtu mwenye manung'uniko, kama walivyobaki maelfu wengine. Hilo ndilo linalojibu swali la Mwana wa Ulu pale #6. Babu yake alirudi Ukambani, hakurudi Nairobi.

#30 Mwana wa Ulu
Mwalimu, kwa babu yangu hiyo inakubali. Lakini Wakamba wengi walikuwa Nairobi, na Keya ilikuwa imejaa Wakamba kuliko kabila lingine lolote la Kenya. Wakikuyu ndio walikuwa wachache kwenye vikosi vya kupigana, maana Mwingereza alikuwa na imani yake ya "makabila ya vita". Kwa hesabu hiyo uasi ungetoka Machakos, si Nyeri.

#31 Wangari wa Mathira
Ndiyo maana nikasema ardhi. Nenda ardhini, utapata jibu.

#32 Mwana wa Ulu
Wangari, hata ardhi ina utata wake. Walioporwa zaidi ni wa Kiambu. Nyeri ilipoteza, lakini si kama Kiambu. Na Wanandi? Wamaasai waliohamishwa kutoka Laikipia? Mbona misitu haikujaa wao?

#33 Wangari wa Mathira
Nandi walipigana miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, mpaka kiongozi wao Koitalel alipouawa 1905. Kila mtu ana zamu yake ya kuamka, na kila mtu ana zamu ya kuchoka. Babu yako alisema kachoka. Nandi nao walikuwa wamekwisha kuzika wao.

#34 Kidumu cha Maji
Hiyo #33 naomba iwekwe juu ya uzi.

#35 Mnubi Kibra
Habari zenu. Mnazungumza kama askari wa Mwingereza kugeuka ni jambo la 1952. Kwetu ni hadithi ya kabla ya reli kufika Nairobi.

1897, askari wa Kisudani waliokuwa Uganda, wale ambao sisi Wanubi tunatokana nao, waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizoisha, wametoka vita moja wanasukumwa nyingine, mshahara mdogo na unacheleweshwa, na walikuwa wanaambiwa waache wake na watoto nyuma. Waliondoka upande wa Eldama Ravine wakaenda mpaka ngome ya Luba, Busoga. Afisa wao Thruston, aliyewaamini na kuzungumza lugha yao, akaenda kuwasihi. Walimshika, baadaye wakamuua.

Hapo hapakuwa na Burma, wala Haiti, wala chama. Palikuwa na mshahara, mke na uchovu. Msidharau sababu ndogo. Mtu anaweza kuvumilia ukoloni mzima, lakini asivumilie kutenganishwa na watoto wake wiki ile.

#36 Dogo wa Tandale
Duh. Hii sikufundishwa.

#37 Bandarini Kivuko
Tukiwa hapohapo, Idi Amin naye si alipigana Burma kisha akamgeukia Mwingereza?

#38 Mwalimu wa Zamu
Bandarini! Amin alipenda kusema alikuwa Burma, lakini aliandikishwa Keya mwaka 1946, vita imekwisha. Na Kenya alikuja na kikosi cha nne, cha Uganda, kupambana na Mau Mau. Kwa hiyo yeye alikuwa upande wa babu wa mwenzetu wa Tabora, na akapandishwa cheo. Huyo hakugeuka wakati wa ukoloni.

#39 Bandarini Kivuko
Leo sina bahati na wewe.

#40 Msomaji wa Algiers
Naongeza mmoja kutoka kaskazini. Ahmed Ben Bella. Alipigana Italia katika jeshi la Wafaransa, akapewa nishani kwa ushujaa wake Monte Cassino. Wenzake wanashangilia ushindi tarehe 8 Mei 1945, huko kwao Sétif Waalgeria wanapigwa risasi kwa kuandamana, na mauaji yakaendelea kwa majuma. Akarudi akaikuta nchi hivyo. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa walioanzisha FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, na baadaye akawa rais wa kwanza wa Algeria huru.

Kwa Ben Bella unaweza kuweka kidole kwenye kalenda. Kwa China huwezi, na ndiyo sababu mnabishana.

#41 Nyayo za Kalewa
Chai imekwisha, nimerudi.

Msomaji wa Algiers umenipa silaha bila kujua. Angalia miaka. 1 Desemba 1944, Thiaroye, Senegal: askari waliotoka kumpigania Mfaransa wanadai malipo yao, wanamiminiwa risasi na jeshi lilelile. Mei 1945, Sétif. 28 Februari 1948, Accra: askari wastaafu waliopigana Burma wanaandamana kwa amani kupeleka malalamiko yao kwa Gavana, polisi wanafyatua, watatu wanaanguka, Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Odartey Lamptey. Nchi tofauti, wakoloni tofauti, ardhi ya Ghana haikuwa na masetla. Kilicho sawa kote ni kwamba mtu alikwenda vitani akarudi. Kwa hiyo vita ina kazi yake hapa, mtake msitake.

#42 Wangari wa Mathira
Kaka, soma ulichoandika. Thiaroye walidai malipo. Accra walidai pensheni na kazi. Wote hao walipigwa risasi baada ya kurudi. Umenisaidia mimi.

#43 Nyayo za Kalewa
Lakini ujasiri wa kudai waliupata wapi?

#44 Mnubi Kibra
Wasudani wa 1897 waliupata wapi?

#45 Mwana wa Ulu
Sasa mnazunguka mbuyu.

#46 Mzalendo Asiyelala
Naomba nirudi kwa China kabla uzi haujahamia Ghana moja kwa moja. Nimekwenda kusoma kidogo tangu jana, maana neno nililotumia #18 lilinikaa vibaya baada ya kumsoma Babu wa Sita.

China alipelekwa Lokitaung, kule Turkana, alikokuwa Jomo Kenyatta na wenzake. Huko Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza. Inasimuliwa pia kwamba mfungwa mwenzao mmoja alipotaka kumdhuru Kenyatta, China ndiye aliyeingia kati. Akatoka 1962. Baada ya uhuru akawa mmoja wa wakuu wa NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa), anafundisha vijana gwaride na kazi.

Nimelifikiria hilo la gwaride. Mtu aliyeingia jeshi la Mwingereza 1942, akaingia msituni, akaingia gerezani, mwisho wa safari yuko uwanjani anawaambia vijana wa Kenya "kulia geuka". Neno langu la #18 nalirudisha nusu. Nusu nyingine bado naishikilia, kwa sababu wapo waliopata barua zile, wakatoka, wakashikwa. Familia zao zina haki ya kusema vingine.

#47 Wangari wa Mathira
Nusu inatosha kwa leo. Na hiyo nusu nyingine una haki nayo, mama mmoja kijijini kwetu hakutaka kulisikia jina lake mpaka alipofariki.

#48 Dogo wa Tandale
Swali la mwisho kwa wakubwa. Stanley Mathenge, yule jenerali mwingine wa Mau Mau, naye si alikuwa askari wa vita vya pili? Yeye aliishia wapi?

#49 Kidumu cha Maji
Dogo sasa umefungua pipa. Mathenge alitoweka na kundi lake katikati ya miaka ya hamsini, ikasemwa kaelekea Ethiopia. Mwaka 2003 kuna mkulima mzee aliletwa Nairobi kutoka huko, akapokewa kwa shangwe akidhaniwa ndiye, DNA ikakataa. Mwaka uleule ndipo serikali ya Kenya ilipofuta rasmi amri ya kikoloni iliyokuwa imepiga marufuku Mau Mau. Miaka 40 baada ya uhuru!

#50 Mwalimu wa Zamu
Mathenge apewe uzi wake, tusiuzamishe huu.

#51 Mfukuanyaraka
Nashukuru wote. Nimemsomea binti yangu uzi huu kuanzia #1 mpaka #46. Alinyamaza kwa Babu wa Sita. Mwisho akasema Haiti haikumshawishi, anakubaliana na Wangari. Kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nacho, nakirusha kwenu: yule askari wa Kiingereza aliyemuuliza Itote "unapigania nini" kule Kalewa, naye alirudi kwao akafanya nini?

#52 Nyayo za Kalewa
Pengine alipewa shamba Nanyuki.

#53 Wangari wa Mathira
Kaka, hapo umekuja upande wangu.

#54 Nyayo za Kalewa
Sijaja. Nimesema pengine.